Lamu na Wageni Wake

Mwezi wa Mfunguo Sita ukiandama, Lamu hujaa watu mpaka mabarazani. Wanatoka Mombasa na Malindi, Unguja na Pemba, Tanga, Ngazija, na miji ya bara isiyoona bahari. Siku hizi wengi hufika kwa basi hadi Mokowe, wakapanda mashua kuvuka. Zamani walikuja kwa majahazi na kulala baharini wakingoja upepo. Mwenye chumba hutoa chumba, asiye nacho hutandika mkeka darini, na mchele wa pilau hupimwa kwa magunia. Hakuna shirika la utalii lililowaita. Wanakuja kusoma Maulidi ya Mtume katika Msikiti wa Riyadha na kumzuru mtu aliyezikwa Lamu tangu miaka ya 1930. Anayetaka kujua jinsi kisiwa hiki kidogo cha kaskazini mwa pwani ya Kenya kilivyopata jina aanzie hapo. Umati wa kwanza kuvuka kuja Lamu bila kutafuta biashara wala vita uliletwa na ibada ya mtaa mmoja wa watu maskini.

Mtu huyo ni Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilleyl, ambaye Waamu humwita Habib Swaleh. Alitoka Ngazija katika nusu ya pili ya karne ya 19, akaja kukaa na jamaa zake, akasoma kwa masheikh wa Lamu, kisha akaanza kusomesha mwenyewe. Wakati ule mji ulikuwa na pande mbili zisizolingana. Kaskazini palikuwa Mkomani, mtaa wa majumba ya mawe, wenye nasaba zao na mashamba yao ng'ambo ya bara. Kusini palikuwa Langoni, mtaa wa nyumba za makuti, walikokaa wavuvi, wachukuzi, wageni kutoka Ngazija na Hadhramaut, na watu waliokuwa watumwa pamoja na watoto wao. Elimu ya dini ilikuwa ikihesabiwa kuwa ya watu wa majumba. Habib Swaleh akaipeleka Langoni. Aliwasomesha walioambiwa kuwa kusoma si haki yao, hakuwakataza ngoma zao, na aliingiza matari katika kisomo cha Maulidi yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiyun. Wakubwa wa mji walichukizwa. Matari ndani ya msikiti! Mvutano ule ulichukua miaka, na kwa maoni yangu matari yalikuwa kisingizio tu: kilichogombewa ni nani ana ruhusa ya kumsifu Mtume kwa sauti yake mwenyewe na mbele ya watu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Msikiti wa Riyadha ukasimama Langoni, na chuo chake kikapokea wanafunzi kutoka pwani yote. Waliohitimu walirudi makwao wakawa walimu na maimamu, na kila mwaka walirudi Lamu na watu wao. Kwa hiyo habari za Lamu zilienezwa na wanafunzi, kinywa kwa kinywa, miaka mingi kabla ya picha ya kwanza ya mlango wa nakshi kuchapishwa katika gazeti la Ulaya.

Jambo hili lina uzito zaidi ukikumbuka hali ya mji wakati huo, kwani Lamu ilikuwa inafilisika. Karne iliyotangulia ilikuwa ya fahari. Mnamo mwaka 1812 au 1813 Pate, dola ya kisiwa cha jirani, ikisaidiwa na Wamazrui waliotawala Mombasa, ilishusha jeshi Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu. Waamu wakalishinda, na inasimuliwa kuwa maji yalikupwa, vyombo vya maadui vikakaa juu ya mchanga. Zahidi Mngumi alitunga mashairi ya siasa ya miaka ile ambayo mpaka leo wapenzi wa Kiamu, lahaja ya Lamu, huyachambua. Baada ya ushindi Waamu waliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Omani, na ngome kubwa iliyo katikati ya mji ikakamilika mnamo 1821. Ikafuata miongo ya neema. Pembe, nafaka, ngozi na boriti zilitoka. Nguo, tende na vyombo vya kauri viliingia. Neema hiyo ilisimama juu ya mgongo wa watumwa waliolima mashamba ya bara, na historia ya mji isiyosema hivyo haijakamilika.

Kisha mambo yakaharibika moja baada ya jingine. Wajerumani waliingia Witu, ng'ambo ya bara, mwaka 1885, wakafungua posta Lamu mwaka 1888, wakaifunga 1891 baada ya kuiachia Uingereza eneo hilo. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, na biashara yote ikakimbilia huko. Mwaka 1907 utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya, na mashamba ya bara yakageuka pori. Meli za moshi zikawa zinapita mbali. Familia za Mkomani zilibaki na majumba makubwa bila mapato ya kuyatunza, na vijana wakahamia Mombasa kutafuta kazi.

Dhiki hiyo ndiyo iliyouhifadhi mji. Mombasa na hata Unguja, palipokuwa na fedha, nyumba za zamani zilibomolewa zikajengwa mpya na njia zikapanuliwa. Lamu haikuwa na uwezo wa kubomoa. Mtu alirithi nyumba ya babu, akaziba panapovuja, akaendelea kukaa.

Nyumba zenyewe zastahili kuelezwa, maana ndizo zinazopigwa picha kuliko kitu chochote kisiwani, na ndizo zisizoeleweka na wapiga picha. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene za kutosha kuzuia joto la mchana. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba mzigo wa chokaa na mawe katika upana mkubwa, chumba hakizidi mita tatu hivi kwa upana, ila urefu waweza kuwa wa nyumba nzima. Mbele ya mlango mkubwa wa nakshi kuna daka, kijisebule chenye viti vya mawe pande mbili. Ukipita mlango unaingia tekani, nayo imepinda, ili aliye nje asione kiwanda, yaani ua wa ndani. Baada ya kiwanda ni misana (vyumba virefu), mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja umeinuka kidogo kuliko uliotangulia, mpaka ufike ndani kabisa, kwenye ukuta wa zidaka uliochongwa kwa chokaa safu juu ya safu, palipopangwa sahani na bakuli za Kichina. Nyumba za jamaa huunganishwa juu kwa juu na wikio, daraja linalopita juu ya njia, ili wanawake watembeleane bila kushuka. Njia za chini zina upana wa punda na mzigo wake.

Mpango huo wote una adabu ndani yake. Mgeni ana heshima kubwa, na ana mahali pake. Wa biashara na mazungumzo anakirimiwa dakani, kahawa inaletwa, hakuna anayemfukuza hata akae kutwa. Jamaa na shoga huingia misanani. Ndani ni kwa wa ndani. Tangu utalii uanze, ugomvi karibu wote wa Lamu na wageni wake umehusu hatua hizo: nani amefika wapi, na nani amemruhusu.

Enzi za ukoloni watalii walikuwa wachache. Mwingereza Percy Petley alifungua nyumba ya kulala wageni ukingoni mwa bahari, ikawa kimbilio la maofisa na wasafiri waliopotelea kaskazini. Mwaka 1967 hoteli ya Peponi ilifunguliwa Shela na familia kutoka Ulaya, penye ufuko uliokuwa ukiendelea maili nyingi bila jengo. Kisha ukaja muongo wa 1970 na vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu na mikoba mgongoni, waliokuwa wakizunguka dunia kwa fedha kidogo, wakaifananisha Lamu na Kathmandu. Walilala darini kwa shilingi chache, wakala samaki na mkate wa mofa, wakakaa miezi. Wengine walijifunza Kiswahili na kuheshimu mji. Wengine walitembea nusu uchi mbele ya misikiti na kuvuta bangi barazani kwa watu. Khutba za Ijumaa zilisema juu yao, wazee wakalalamika serikalini, na mabango ya kuwaomba wageni wajisitiri yakawekwa. Wakati huohuo vijana wa Lamu wakagundua kazi mpya. Mwana wa mvuvi aliyejua Kiingereza kidogo aliweza kumzungusha mgeni mjini, akampeleka Takwa kuona magofu, akamchomea samaki kisiwani Manda, na akarudi jioni na fedha ambazo baba yake angezipata kwa wiki. Hapo ndipo swali la nani afaidike na nani aseme kuhusu Lamu lilipoanza kuulizwa kwa sauti.

Kuna kundi lililolijibu swali hilo kwa vitendo, na historia ya utalii wa Lamu mara nyingi hulisahau. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970 makumbusho yalifunguliwa katika jumba la ukingoni mwa bahari lililowahi kukaliwa na wawakilishi wa Uingereza. Mlezi wake wa kwanza alikuwa James de Vere Allen, mwanahistoria aliyeipenda pwani mpaka akaonekana mkaidi kwa wenzake. Pamoja naye alikuwako Usam Ghaidan, msanifu majengo mwenye asili ya Iraq aliyefundisha Nairobi, aliyepima na kuchora nyumba za Lamu moja moja na kuchapisha kazi yake mwaka 1975. Lakini penseli ya msanifu haiwezi kujua jina la kila sehemu ya nyumba wala kwa nini tekani imepinda. Hayo waliyasema wenye nyumba, mafundi wa chokaa, bibi waliozaliwa na kuolewa ndani ya kuta hizo. Siwa mbili, yaani baragumu kubwa, zilizomo katika makumbusho, ya shaba ya Lamu na ya pembe ya ndovu ya Pate, zote ndefu, zilikuwa alama za utawala, na heshima yake wazee waliijua kabla ya mtaalamu yeyote kuipima.

Miaka ya 1980 kazi hiyo ikapata nguvu ya sheria. Mji wa kale ulitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986: kubadili ukuta wa nje, kuongeza ghorofa au kuziba njia kukahitaji kibali. Ngome iliyokuwa gereza hadi mwaka 1984 ikakabidhiwa makumbusho, ikakarabatiwa, na uwanja wake uliojaa hofu ya wafungwa ukawa mahali pa harusi, maonyesho na mikutano ya mji. Nyumba moja ya Kiswahili ikarejeshwa hali yake ya zamani ili mgeni aone misana na zidaka bila kubisha hodi kwa mtu. Naliona jambo hili kuwa la busara kubwa. Mji ulijua kuwa macho ya wageni hayazuiliki, ukayatengenezea mlango wake.

Faida nyingine ilikuwa ya mikono. Ukarabati ulihitaji watu wanaojua kuchoma chokaa, kusawazisha ukuta kwa mkono, kuchonga mlango kwa nakshi za maua na mnyororo. Mafundi waliobaki walikuwa wazee. Vijana wakapelekwa kwao, na baada ya miaka michache karakana za ukingoni mwa bahari zilisikika tena zikigonga patasi. Milango ya Lamu sasa inasafirishwa Nairobi na ng'ambo. Boriti nazo zina kisa chake: serikali ilipiga marufuku kuzisafirisha nje ya nchi mwaka 1982 ili kuokoa mikoko, na wakata boriti wa visiwa vya Pate na Lamu wakapoteza soko la Ghuba lililodumu karne nyingi. Kwa baadhi yao ujenzi wa mji ndio uliowaachia riziki.

Mtu mmoja alisimama katikati ya yote hayo bila kujali kama yaitwa utalii au jina jingine. Ahmed Sheikh Nabhany alizaliwa mwaka 1927, akalelewa katika ushairi wa Kiamu, akafanya kazi ya kukusanya maneno kama wengine wanavyokusanya dhahabu. Utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, unaeleza kuundwa kwa chombo tangu kuchagua mti mpaka kushua majini, na kila kiungo kina jina lake. Watafiti kutoka Leiden, Köln, Nairobi na Marekani walikaa mbele yake na daftari zao. Alipofariki mwaka 2017, pwani ilipoteza maktaba. Matondoni, kijiji cha upande wa magharibi wa kisiwa, bado wanaunda na kukarabati vyombo ufukoni, na mgeni anaruhusiwa kutazama. Mgeni anayejua kwamba kila ubao una jina hutazama kwa muda mrefu zaidi, na huuliza maswali yanayomfurahisha fundi. Ndiyo maana nasema mshairi aliutangaza mji kuliko bango.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakaanza mashindano na maonyesho ya kila mwaka, mwezi wa Novemba kwa kawaida, yaliyokuja kujulikana kama Tamasha la Utamaduni la Lamu. Makumbusho yaliyapanga pamoja na wazee wa mji, na balozi za nje zikachangia. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji wa kale katika orodha ya urithi wa dunia, ikisifu kuwa ni mji wa Kiswahili wa kale zaidi na uliohifadhika vizuri zaidi Afrika Mashariki, na kwamba watu wameishi humo mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Sifa hiyo ya pili ndiyo yenye thamani. Magofu mazuri yapo Gedi na Kilwa pia.

Tamasha lina mengi, na hayana uzito sawa. Mbio za punda ndizo zinazopendwa na wapiga picha. Wanaoshindana ni vijana walewale wanaobeba mchanga, mawe na saruji kwa punda hao mwaka mzima, kwa hiyo anayeshinda hupata heshima kazini mwake kesho yake. Wamiliki hujua pia kuwa mnyama mwenye vidonda hawezi kukimbia. Zahanati ya punda iliyofunguliwa mjini na shirika la Uingereza katika miaka ya 1980 hutibu bure, na mashindano ya punda mwenye afya nzuri yamebadili jinsi watoto wanavyowatazama. Mashindano ya bao huketisha wazee kivulini na hayana kelele, ila ukielewa mchezo huwezi kuondoka. Mashairi husomwa usiku ngomeni kwa Kiamu, na baadhi ya wageni hawaelewi neno. Sawa. Si kila kitu lazima kifasiriwe.

Kwangu, kilele ni mashua. Kila chombo kina kijiji chake na mashabiki wake: Shela, Kipungani, Matondoni, Lamu yenyewe. Tanga la pembe tatu hujaa upepo mpaka chombo kinalala ubavu, na mabaharia hupanda juu ya ubao uliotokezwa nje upande wa joshi, wakijirundika mwishoni kabisa ili uzito wao ukiinue. Chombo kikipinda, wote huvuka kwa pamoja, ubao unavutwa upande wa pili, foromali inageuzwa, na yote hayo ni kwa sekunde chache na kwa amri ya nahodha mmoja. Anayekosea huogelea. Ufundi huo haufundishwi kwa ajili ya watazamaji. Ni wa kuvua na kusafiri, na siku ya mashindano unaonekana ukiwa umevuliwa mzigo.

Harusi ya maonyesho siipendi kwa kiwango hicho. Bibi harusi wa kuigiza hupambwa hina na piko, huvishwa dhahabu ya kuazima, akaketishwa mbele ya kamera. Kazi ya mikono ya wapambaji ni ya kweli na inastahili tuzo wanayoshindania. Lakini harusi ya Lamu ni siku nyingi za nyumba mbili, nyimbo za wanawake kwa wanawake, na mambo yasiyotolewa nje. Kuikata kipande na kukiweka jukwaani ni kumpa mgeni kile ambacho daka na tekani viliwekwa kumzuia asikione. Wanawake wengi wa Mkomani wamelisema hilo waziwazi, na naona wana haki.

Baada ya mwaka 2001 fedha zilimiminika. Watu matajiri wa Ulaya walinunua nyumba Shela, kisha mjini, wakazikarabati kwa gharama ambazo mrithi wa Mkomani hawezi kuzimudu. Mafundi walipata kazi nzuri, na manahodha walipata wateja wa kudumu. Hata hivyo bei ya ardhi ilipanda hivi kwamba kijana wa Shela anayeoa hulazimika kutafuta kiwanja mbali na alikozaliwa. Baadhi ya nyumba zilizokarabatiwa vizuri kuliko zote hufunguliwa wiki chache tu kwa mwaka, na njia iliyokuwa na watoto sasa ina mlinzi. Zaidi ya hapo, majumba yalianza kupanda juu ya matuta ya mchanga ya Shela. Matuta hayo ndiyo yanayonyonya mvua na kuihifadhi chini yake. Mji wote hunywa maji ya visima vilivyo pembeni mwake. Ukijenga juu ya tuta unajenga juu ya mtungi wa jirani.

Halafu ikaja miaka mibaya. Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia hoteli Kiwayu, wakamuua Mwingereza mmoja na kumteka mkewe. Wiki chache baadaye Mfaransa mgonjwa alichukuliwa kutoka nyumbani kwake kisiwani Manda, naye akafia utekwani. Juni 2014 Mpeketoni, ng'ambo ya bara, ilishambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa katika siku mbili za mashambulizi. Serikali za Ulaya ziliwaonya raia wake, amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa, na mahoteli yakafunga milango. Nahodha aliyekuwa na mashua tatu aliuza mbili. Wachongaji walirudi kuvua, lakini kuvua usiku nako kulikatazwa kwa sababu za usalama.

Katika kipindi hicho ndipo ilipodhihirika tofauti kati ya wageni na wageni. Waliotegemea tangazo waliondoka kwa tangazo. Wa Maulidi waliendelea kuja. Walikuwa na wenyeji wao, na habari za usalama walizipata kwa simu kutoka kwa jamaa, si kutoka kwa balozi. Matari yalilia Riyadha, goma la fimbo likachezwa uwanjani, zefe likapita ukingoni mwa bahari, na wauza halwa, mikeka na kofia waliuza. Pamoja nao wakaongezeka Wakenya kutoka Nairobi na kwingineko, hasa mwisho wa mwaka, waliokuwa wameijua Lamu kwa picha tu. Tangu mwaka 2013 serikali ya kaunti imejaribu kuwavuta hao kwa matamasha zaidi: ya vyakula, ya yoga, ya wachoraji, ya uvuvi. Mengine yameota mizizi na mengine hupita. Ninayoyaona yakiota ni yale ambayo mwenyeji angeyafanya hata kama hakuna mgeni.

Wakati huohuo serikali kuu ilikuwa na mpango mwingine juu ya Lamu. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki wa Kenya, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia waliweka jiwe la msingi la bandari ya mradi wa LAPSSET wa kuunganisha nchi hizo tatu, huko Magogoni, iliyopangwa kuwa na magati 32. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Mikoko ilikatwa, sakafu ya bahari ikachimbwa, na maeneo ya uvuvi ambayo mashua ndogo huyafikia yakafungwa. Pamoja na bandari ukaletwa mradi wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 eneo la Kwasasi.

Waliosimama kupinga namna mambo hayo yalivyofanywa walikuwa watu wale wale ambao nyuso zao zilichapishwa katika vipeperushi: wavuvi, manahodha, waongoza wageni, walimu wa madrasa, akina mama wasusi wa mikeka. Walijikusanya chini ya muungano wa Save Lamu. Wakaenda vijijini na kueleza kwa Kiamu yale ambayo ripoti za mazingira ziliyaeleza kwa Kiingereza kigumu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kuwa ujenzi wa bandari ulivunja haki za wananchi, zikiwemo haki za utamaduni na za mazingira safi, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Kulipwa kwenyewe kukawa safari nyingine ya miaka.

Kesi ya makaa ilisikilizwa na Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira. Wataalamu walizungumza juu ya majivu, joto la maji na mabadiliko ya tabianchi. Nayo hoja ya wenyeji ilikuwa kwamba hawakuulizwa: mikutano iliyofanywa ilikuwa ya kujulishwa tu, kabla ya ripoti kamili kuandikwa, na hapakuwa na nafasi ya kuuliza moshi utaufanya nini mji wa mawe ya chokaa na bahari inayolisha watu. Kamati ya urithi wa dunia nayo ilikuwa imeeleza wasiwasi wake. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama hiyo ilifuta leseni ya mradi kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Habari zilipofika, watu walitoka wakaenda ukingoni mwa bahari, wakaimba mpaka jioni, na Novemba ya mwaka uleule mashua zilishindana kama kawaida, mbele ya wageni ambao wengi wao hawakujua kuwa bahari waliyokuwa wakiitazama ilitetewa mahakamani na mabaharia waliokuwa juu ya ubao.